Usichome sanduku la baba

Baada ya matanga ya baba mkwe, wadogo zake walisafisha nyumba ya shamba, kwenye barabara ya Kasenga. Sanduku la chuma lilitolewa nje pamoja na magodoro ya kuchoma. Mmoja akasema: "Ni makaratasi ya Wabelgiji tu. Serikali ile ilikufa."

Mama mkwe akaniita: "Mama mwalimu, wewe unajua kusoma. Angalia kwanza."

Kweli, karatasi zilikuwa za zamani. Nyingine zimeandikwa Elisabethville, jina tuliloacha mwaka 1966. Nyingine zinasema jimbo la Shaba, kama lilivyoitwa kuanzia 1971 mpaka 1997. Risiti ni za zaire, feza ambazo watoto wetu hawakuzishika kamwe. Hata baba mwenyewe ana majina mawili: lile la ubatizo, na lile alilochukua mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya kizungu. Mgeni akisoma atasema ni watu wawili. Ndiyo sababu nilifunga kadi yake ya ubatizo pamoja na kitambulisho chake cha baadaye: wazazi ni wale wale, siku ya kuzaliwa ni ile ile. Wamama, msitupe kadi hizo.

Sasa sertifika. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inaonyeshwa na sertifika ya kuandikisha. Inatengenezwa mara mbili: moja inabaki katika kitabu cha ofisi ya ardhi, nyingine anapewa mwenye shamba. Ya kwetu mchwa waliila. Kilibaki kipande cha juu, chenye namba ya volume na folio. Kwa namba hizo tu ofisi inaweza kutafuta ukurasa wake. Angalieni pia kama haki yenu ni ya daima au ya muda. Ile ya miaka 25 inaisha, na lazima kuomba upya.

Lakini kitu kilichonishika moyo ni kaye, tena nne. Jamaa ya Msiri wana kitabu chao, Pages d'histoire yeke, kilichotolewa hapa mjini mwaka 1967. Sisi hatuna ufalme, tuna kaye za mahindi. Ndani mna mifuko iliyovunwa kila mwaka, mishahara ya wafanyakazi, bei ya mbolea, mbuzi aliyeibiwa, na deni la jirani ambalo halikulipwa mpaka leo (nilicheka peke yangu). Nusu ya maandishi ni ya mkono wa baba, nusu ya mama mkwe.

Wadogo walikuwa wameanza kusema kwamba shamba ni la ukoo, kaka yao alilichunga tu. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi, na nusu ya matumizi ya ardhi ambayo marehemu aliilima mwenyewe kwa faida yake. Nusu nyingine ni ya watoto. Nani aliilima, na kwa faida ya nani? Kaye zinajibu, mwaka kwa mwaka.

Tulifanya hivi. Tulianika karatasi kivulini, si juani. Tulitia kila aina katika bahasha yake, bila mfuko wa plastiki, maana kuanzia Novemba unyevu unafungiwa humo na karatasi zinaoza. Sanduku liko juu ya matofali, mbali na ukuta, kwa sababu mchwa wanapanda kupitia ukutani. Kila ukurasa umepigwa picha kwa simu, na picha wanazo watoto wawili wanaokaa miji mbalimbali. Mtu mmoja alikuja kusema apewe karatasi zenyewe "ili asaidie mambo yaende mbio". Mama mkwe alimpa chai na fotokopi.

Nakala ya ofisini bado tunaingoja. Wadogo za baba wamekubali kungoja nasi, na mmoja ameomba kusoma kaye ya kwanza.