Kizuizi cha Moyo: Jina, Dalili na Tiba

Utangulizi

Mtu akianguka ghafla na kupoteza fahamu katika ploti za Kahawa Wendani, mtaa wanakopanga wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, majirani hawakawii kusema: "Ana kifafa." Wengine watasema amepandwa na pepo. Jina likishatajwa, uchunguzi nao hukoma, na huo ndio msiba wenyewe. Makala haya yanadhamiria kueleza maradhi ambayo mara nyingi hujificha nyuma ya majina hayo, yaani kizuizi cha moyo.

Maana yake

Kwanza tuondoe utata wa kiistilahi. Kizuizi cha moyo si kuziba kwa mishipa ya damu. Hayo ni maradhi mengine. Kinachozuiliwa hapa ni ishara ya umeme. Ishara hiyo huanzia kwenye fundo dogo katika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Hufika kwenye fundo la pili, lililo baina ya vyumba vya juu na vya chini, ambalo Mjapani Sunao Tawara alilieleza mwaka wa 1906. Hapo husita kidogo ili vyumba vya chini vijae damu, kisha hushuka na kuviamuru vipige.

Kuna daraja tatu. Katika daraja ya kwanza, ishara huchelewa lakini hufika. Aghalabu mgonjwa hahisi lolote. Katika ya pili, baadhi ya ishara hupotea njiani. Katika ya tatu, hakuna inayopita. Vyumba vya chini hulazimika kujipigia vyenyewe, pengine mara 20 hadi 40 kwa dakika, ilhali moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100.

Dalili

Mgonjwa huchoka upesi, husikia kizunguzungu, hukosa pumzi na huweza kuzirai. Madaktari wawili wa Dublin, Robert Adams mwaka wa 1827 na William Stokes mwaka wa 1846, waliandika kuhusu wagonjwa waliozirai huku mapigo yao yakiwa ya polepole mno. Ubongo ukikosa damu, mwili huweza kutetemeka, na hapo ndipo watu hudhani ni kifafa. Hata hivyo, aliyezirai kwa sababu ya moyo kwa kawaida hupauka, kisha hurejewa na fahamu upesi. Mwenye kifafa mara nyingi hubaki amechanganyikiwa kwa muda. Tofauti hii si kipimo kamili, lakini inatosha kutufanya tushike kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo.

Utambuzi

Kipimo kikuu ni kile cha kuchora umeme wa moyo. Mholanzi Willem Einthoven, aliyebuni njia sahihi ya kuuchora, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924. Kipimo hiki hakina maumivu na huchukua dakika chache tu. Kwa kuwa kizuizi huweza kuja na kuondoka, huenda mgonjwa akavishwa kifaa cha kunakili mapigo kwa saa 24 au zaidi.

Tiba

Ikiwa kizuizi kimesababishwa na dawa, daktari huweza kuibadilisha au kuisimamisha. Daraja ya kwanza mara nyingi huhitaji kufuatiliwa tu. Kwa daraja ya tatu, na baadhi ya hali za daraja ya pili, tiba ya kudumu ni kifaa kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua, ambacho wengi hukiita "betri ya moyo". Jina hilo limekubalika, ila lisitupotoshe: kifaa hakiuendeshi moyo kwa nguvu zake, bali huupelekea ishara iliyokosekana.

Mtu wa kwanza kupachikwa kifaa cha namna hii mwilini alikuwa Msweden Arne Larsson, mjini Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa hicho cha kwanza kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20, na akaishi hadi mwaka wa 2001, akiwa na umri wa miaka 86.

Kinga

Uzee huchakaza njia za umeme wa moyo, na hilo halina kinga. Yapo yanayozuilika, hata hivyo. Shinikizo la damu na kisukari vidhibitiwe. Dawa zinazopunguza kasi ya moyo, mathalani atenololi na digoksini, zisinunuliwe wala kuchanganywa bila ushauri wa daktari. Mtoto mwenye maumivu ya koo yanayotokana na bakteria atibiwe kikamilifu, kwani homa ya baridi yabisi inayoweza kufuatia hudhuru moyo. Mama mjamzito mwenye maradhi ya lupasi amweleze daktari, kwa sababu kingamwili zake huweza kuathiri moyo wa mtoto angali tumboni.

Hitimisho

Aliyeanguka asitiwe kijiko mdomoni. Alazwe, atazamwe kama anapumua, na mapigo yake yahesabiwe. Asipopumua, msaada uitwe na kifua kibonyezwe kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akizinduka, apelekwe hospitalini hata kama anasema amepona. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa ziada: badala ya kumpa daktari jina la ugonjwa, tumweleze tulichokiona. Maelezo sahihi ya shahidi mmoja huweza kumfikisha mgonjwa kwenye kipimo ambacho neno "kifafa" lingemnyima.