Pima Mzigo Kabla ya Kununua Springi

Miaka kadhaa nyuma, kabla barabara ya Lamu haijatiwa lami, tulitoka Mji wa Kale alfajiri, watu tisa ndani ya Land Cruiser ya ami yangu, twenda mazikoni Witu. Tulipopita Garsen gari likatoa mlio kama wa bunduki, likavuta kando. Tuliposhuka tukaona ekseli ya nyuma imesogea upande mmoja. Mungu alituepusha: mwendo ulikuwa mdogo na mbele hapakuwa na gari. Lakini marehemu alizikwa bila sisi.

Chanzo kilikuwa springi. Mwezi mmoja kabla, ami alimlalamikia fundi kwamba gari limelala nyuma. Fundi akamjibu, "Usijali mzee wangu, nitalitia mabamba mawili ya lori, halitalala tena." Kweli halikulala. Liliinuka nyuma, vijana wa mtaani wakalisifu. Na hayo mabamba mawili ndiyo yaliyotuvunjia safari.

Nawaeleza haya kwa sababu magari yaliyoinuliwa namna hiyo bado nayaona kisiwani kila siku. Mwenye gari hutaka liwe juu na liwe gumu, lakini ni wachache wanaouliza: gumu kwa mzigo gani?

Springi yafanya kazi gani

Springi ninazozizungumzia ni zile za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja chini ya jingine, refu juu, fupi chini. Land Rover za zamani zilikuwa nazo mbele na nyuma, hadi One Ten ilipokuja na koili mwaka 1983. Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, nazo zilikuwa hivyo. Kuanzia 1999 mbele zikatiwa koili, nyuma mabamba yakabaki. Pickup za aina hiyo huunganishwa hapa hapa Mombasa, kwa hivyo si gari geni kwetu. Hilux nayo ina mabamba nyuma.

Bamba kuu ni lile la juu, lililokunjwa ncha zake mbili kuwa duara na kufungwa kwenye chesi. Kazi yake si kubeba mzigo tu. Ndilo linaloishika ekseli mahali pake. Likikatika, ekseli yaweza kuhama, kama tulivyoona sisi.

Mabamba ya chini hulisaidia lile kuu kupinda polepole kwa urefu wake wote. Mara nyingi la mwisho kabisa huwa nene na karibu limenyooka. Hilo halifanyi kazi mpaka gari lishehenezwe, ndipo mengine hulilalia.

Sasa shika jambo hili moja. Ugumu wa bamba haupandi sawa na unene wake, hupanda kwa kasi zaidi. Bamba la milimita 8 ni gumu zaidi ya mara mbili kuliko la milimita 6 lenye urefu na upana uleule. Ukitia bamba nene la lori chini ya mabamba membamba, lenyewe hukataa kupinda, na kupinda kote huangukia mahali linapoishia. Bamba kuu letu lilikatika papo hapo. Pia fundi alikuwa amelikata na kulitoboa bamba lile kwa moto wa gesi, na moto huo huharibu ugumu aliotiwa chuma kiwandani.

Anza na mizani

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Rafiki yako atakusifia springi zake, kumbe yeye hubeba vifaa vya ujenzi kila siku kwenda Kinango, na wewe hubeba familia kwenda Kilifi mara moja kwa mwezi. Springi inayomfaa yeye itakurusha wewe.

Andika kwanza vitu ambavyo haviondoki garini: chuma cha mbele, winchi, keria ya juu, tangi la pili la dizeli. Tangi la lita 90 likijaa ni kama kilo 75. Kisha andika mzigo wa kawaida: watu, maji, vifaa. Dumu la lita 20 za maji ni kilo 20. Halafu tafuta godauni au yadi ya vyuma chakavu yenye mizani ya malori, upime gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wako wa kawaida, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Kwa kipimo hicho ndipo springi huchaguliwa.

Chagua kwa mzigo unaoubeba siku nyingi, si kwa ule wa mara moja kwa mwaka. Gari tupu lenye springi ngumu mno huruka kwenye vijituta vya barabara ya vumbi, na tairi iliyo hewani haishiki breki wala usukani. Kwa siku ya mzigo mkubwa, lile bamba nene la chini latosha.

Na tusidanganyane: springi ngumu haziongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Ekseli, breki, tairi na chesi ni zilezile.

Urefu nao una mipaka

Weka gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne. Utajua upande upi umelala na kwa kiasi gani. Kuinua kwa sentimita 5 kwawatosha wengi. Ukizidi hapo, shafti hukaa kwa pembe mbaya, mipira ya breki huvutika, shokabsoba huwa fupi, na taa humpofua anayekuja mbele. Gari lenye keria pia lazima lipite penye nyaya na vibaraza vya vichochoro vyetu.

Maswali ya kumuuliza mtengenezaji

Ukiamua kutengenezewa springi, usiseme tu "nifanyie ngumu." Mpe uzito ulioupima na urefu unaoutaka, kisha muulize:

Chuma ni cha springi kweli, kama SUP9 au 5160, au ni chuma cha kawaida kilichokunjwa?

Baada ya kukunjwa, kitapozwa kwa mafuta na kupashwa moto tena kwa kipimo? Kikikosa hatua ya kwanza kitalala. Kikikosa ya pili kitavunjika.

Ncha za mabamba zimepunguzwa unene, au zimekatwa butu? Ncha butu hulila bamba la juu yake.

Akisema atakunja tu zile zako za zamani, jua kwamba chuma kilichochoka hakirudi ujanani. Baada ya muda gari litalala tena. Na springi iliyokatika haichomelewi. Atakayekwambia yawezekana, mshukuru, ondoka.

Siku ya kufunga

Nunua bushi mpya na zile bolti za umbo la U mpya, usirudishe za zamani. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo mpira husokotwa na kuraruka. Baada ya kilomita 500 kaza tena zile za U.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Hewa yake huingia kati ya mabamba, hasa kwa gari linalovuka feri ya Likoni kila siku au kuegeshwa ufukweni. Osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kila unapoosha tazama bamba kuu pale linapokaribia duara. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza bamba huenda ni ufa.

Ami alipopima gari lake aligundua mzigo wake wa siku nyingi ni mdogo kuliko alivyodhani. Alifungiwa springi za wastani zenye bamba moja la akiba chini. Gari liko chini kuliko la jirani, na vijana hawalisifu tena. Safari iliyofuata ya Witu tulifika kabla ya adhuhuri.