Jembe, Ubao na Mchezo wa Kuigiza

Vikundi vingi hutuuliza kama mtu anaweza kweli kuwa mkulima, mwalimu na mchezaji wa michezo ya kuigiza kwa pamoja. Sisi tunaishi hivyo. Kazi hizi tatu ni mafiga: ukiondoa moja, chungu kinamwagika.

Jambo hili si geni hapa Kenya. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1976 wanakijiji walianza masomo ya ngumbaru, na kutoka hapo ukazaliwa mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Wachezaji walikuwa wakulima na vibarua wa hapo hapo. Serikali iliupiga marufuku mwaka 1977, lakini watu walikuwa wameshauona.

Somo letu ni dogo zaidi: mbolea ya takataka. Mwanzoni tulikosea. Tuliigiza mzee anayechoma mabua yake yote, halafu anakopa pesa za mbolea ya dukani. Watu wakacheka sana. Kisha mama mmoja akasimama: "Sasa nyinyi, rundo lenu liko wapi?" Hatukuwa nalo. Tulirudi nyumbani kimya.

Siku hizi tunacheza kando ya rundo lenyewe, kivulini. Huku tukiimba tunapanga mabua yaliyokatwakatwa chini, juu yake majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo na jivu, tukinyunyiza maji kila tabaka, mpaka lifike kifua cha mtu. Tunachomeka fimbo ndefu ya mshazari. Baada ya siku chache inachomolewa mbele ya watu, nao wanaishika. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, rundo linataka maji. Likinuka na kulowa, ligeuzwe lipate hewa. Baada ya wiki tatu hivi tunaligeuza hata kama liko sawa.

Mara moja fimbo ilitoka baridi kabisa! Mwenzetu aliyecheza mlevi akaropoka, "Rundo hili lina kiu kunishinda mimi!" Watoto wakakimbilia madebe. Hatukuwa tumepanga hivyo, lakini hakuna aliyesahau.

Kusema kweli mchezo hauleti pesa. Pesa ni za sukuma wiki. Kwa hivyo wakati wa palizi hatuna mazoezi. Tunafanya baada ya mavuno, mabua yakiwa tele. Anzeni na watu watano, mchezo wa dakika kumi, na rundo la wiki moja, maana hapo ndipo fimbo hutoka na moto wa kutosha.