Michoro ya Mtandao Katika Kazi za Ushirika

Mazao hutoka chama cha msingi, hupita ghalani, hufika kiwandani. Uhusiano huo ukiandikwa kwa orodha ndefu hauonekani upesi. Ukichorwa, kila chama na kila ghala huwa nukta, na kila njia ya mazao huwa mstari.

Siku hizi mchoro wa namna hiyo hufunguliwa katika kivinjari cha intaneti. D3, iliyotolewa mwaka 2011 na Mike Bostock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, hutumiwa na watengenezaji wa programu bila malipo; kadhalika Cytoscape.js. Mtengenezaji akiuandaa hivyo, msomaji huweza kusogeza nukta, kukuza sehemu moja, au kuondoa ghala ili aone ni vyama vipi vitakosa njia likifungwa. Jambo hilo yafaa lijulikane kabla ya msimu, si katikati yake.

Hata hivyo, mahali nukta inapokaa mara nyingi huamuliwa na hesabu ya programu, si na ramani. Tena njia ambayo karani hakuiandika haitaonekana kamwe. Madeni ya wanachama nayo yasiwekwe katika mchoro ulio wazi kwa kila mtu.

Basi daftari lisahihishwe kwanza, ndipo mchoro ufuate.