Mtoto anayemwaga sufuria si mtundu, anajifunza

Ni saa kumi jioni, uko nyumbani kwako Mikindani. Umeinamia jiko la mkaa, nazi imeshakunwa na samaki wameshatiwa chumvi. Mara unasikia kishindo nyuma yako. Ukigeuka, mwanao wa mwaka mmoja na nusu amekaa katikati ya sufuria tatu, anazigonga kwa mwiko na kucheka peke yake. Sufuria hizo ulizipanga vizuri muda mfupi tu uliopita.

Hapo wengi wetu tuna majibu mawili. La kwanza ni kumfokea na kumnyang'anya mwiko. La pili, ambalo linazidi kuzoeleka mjini na vijijini, ni kumwekea katuni kwenye simu ili atulie tumalize kupika. Leo nataka tuzungumze kuhusu jibu la tatu, ambalo halina gharama: mwachie mwiko, kisha ugonge naye mara mbili tatu huku ukiendelea na mchuzi wako.

Huenda ukaona hilo ni jambo dogo. Kwa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu, si dogo hata kidogo.

Anauliza maswali kwa mikono

Mtoto wa umri huu bado hana maneno ya kutosha, kwa hiyo huuliza kwa mikono, kwa mdomo na kwa miguu. Akidondosha kijiko mara kumi, anataka kujua kama kitaanguka kila mara. Akimwaga kikapu cha vitunguu, anachunguza vitu vinakwenda wapi vikitoka ndani. Akihangaika na mfuniko mkubwa juu ya sufuria ndogo, hilo ndilo somo lake la kwanza la vipimo.

Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hukua kwa kasi kubwa. Kila anaposhika, anapoona, anaposikia na kujibiwa, mawasiliano kati ya chembe hai za ubongo huimarika. Neno la kuzingatia hapo ni kujibiwa. Sufuria peke yake ni chuma tu. Mtu anayemtazama mtoto, akacheka naye na kumwambia "umegonga, eeh, sasa gonga tena," ndiye anayeigeuza kuwa somo.

Funzo kutoka Jamaika

Tunao ushahidi wa jambo hili kutoka kisiwa cha Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti waliwachukua watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini ya mji wa Kingston. Baadhi ya familia zilitembelewa na mhudumu wa afya mara moja kwa wiki, kwa saa moja hivi, kwa muda wa miaka miwili. Mhudumu hakuja na vitu vya dukani. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa kutumia vifaa vilivyotengenezwa kwa makopo, chupa, maboksi na vitambaa.

Miaka 20 baadaye watoto wale walitafutwa tena wakiwa watu wazima. Wale ambao mama zao walifundishwa kucheza nao walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao wenye udumavu ambao hawakupata huduma hiyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Jambo hili linatuhusu sisi Watanzania. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Lishe lazima iendelee, na hakuna mchezo unaochukua nafasi ya uji, samaki na mboga za majani. Lakini mtoto aliyeshiba na ambaye hakuna anayezungumza naye amepata nusu tu ya anachohitaji. Ndiyo maana hata serikali, katika programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, iliweka malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe na ulinzi.

Vitu vilivyomo ndani vinatosha

Zunguka nyumba yako kwa macho ya mtoto. Utashangaa.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mchezo mkubwa ni kutia na kutoa. Mpe kikapu cha ukili au kopo kubwa la maziwa lisilo na kingo kali, pamoja na vitu vinne vitano vikubwa: kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikawa laini, kijiko cha mbao, kikombe cha plastiki, kitambaa. Atajaza, atamwaga, atajaza tena. Kanga nayo ni mchezo kamili. Jifunike uso, uliza "mama yuko wapi?" kisha ufunue. Mtoto anajifunza kwamba kitu kisichoonekana hakijapotea, na ndivyo anavyoanza kuvumilia unapotoka kwenda kisimani.

Akikaribia miaka miwili, mpe sufuria tatu za ukubwa tofauti na mifuniko yake atafute upi ni wa ipi. Boksi la sabuni linakuwa mtumbwi wa kuvuka kwenda Msangamkuu, yeye nahodha na mdoli wa matambara abiria. Chupa ya plastiki yenye mchanga kidogo, kizibo kikiwa kimekazwa kabisa, ni kayamba. Weka mkeka, mito na ndoo iliyopinduliwa, avuke na kupanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri huu achangamshe mwili kwa jumla ya dakika 180 kwa siku, na kuzunguka uani kunahesabika.

Kuanzia miaka miwili hadi mitatu anapenda kuigiza na kupanga. Mwagie kandambili zote za nyumbani, atafute kila moja na pacha wake. Anika nguo naye, akupe "ile nyekundu," kisha "ile ya baba." Mkienda pwani, iwe Shangani au Msimbati, okoteni makombe makubwa na myapange kutoka dogo hadi kubwa. Mpe kijiti na kifuu atwange mhogo wa kufikirika wakati wewe unatwanga wa kweli. Baba anayeshona nyavu anaweza kumpa maboya makubwa ayahesabu, mradi ndoano ziwe mbali.

Huhitaji kutenga saa nzima. Dakika kumi unapopika, kumi unapomwogesha na kumi kabla hajalala tayari ni nusu saa. Msimu wa korosho, mnapokuwa shambani tangu asubuhi na mtoto amebaki na bibi au dada yake, mwonyeshe anayebaki naye michezo hii. Bibi zetu wengi wanaijua kuliko sisi, wanahitaji tu kuambiwa kwamba si kupoteza muda.

Mfuate, mtajie, msubiri

Namna ya kucheza inahesabika kuliko kitu mnachochezea. Kwanza, mfuate. Akichagua mfuniko, acheni sufuria mcheze na mfuniko. Pili, mtajie anachofanya: "Umemimina maji. Maji ya baridi." Tatu, msubiri. Ukimwuliza kitu, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujajibu kwa niaba yake. Watoto wengi wana jibu, ila sisi wakubwa tuna haraka.

Zungumza naye lugha unayoimudu vizuri. Kama nyumbani mnazungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao, endeleeni. Lugha mbili hazimchanganyi mtoto wala hazimchelewesi kusema.

Na simu? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri mtoto wa mwaka mmoja kuwekwa mbele ya skrini, na kwa wa miaka miwili linataka isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Katuni hupita tu mbele yake, haimjibu akisema kitu. Ukishikwa sana na kazi siku moja, usijilaumu. Tatizo ni pale simu inapokuwa mlezi wa kila siku.

Si kila kitu cha nyumbani ni cha kuchezea

Hapa naomba usome taratibu, maana mchezo mzuri unaweza kuishia hospitalini.

Korosho ghafi yenye ganda lake asipewe kabisa. Ganda lile lina mafuta makali yanayounguza ngozi na midomo. Korosho zilizobanguliwa na karanga nzima zinaweza kumkaba hadi afikishe miaka minne au mitano, hivyo zisage au zitwange kabla ya kumlisha. Maharage, shanga, vizibo vya soda na sarafu huishia puani, masikioni au kooni. Kanuni rahisi: kitu kinachoweza kuingia chote mdomoni mwake si kitu cha kuchezea.

Maji yana hatari kimyakimya. Mtoto huyu kichwa chake ni kizito, akiinamia ndoo anaweza kushindwa kujiinua, na kina cha sentimita chache tu kinatosha kumzamisha. Akicheza na beseni na kata, kaa naye karibu, mkono wako uweze kumfikia. Mkimaliza, mwaga maji. Ndoo na mapipa yafunikwe.

Mafuta ya taa na dawa ya kusafishia choo visihifadhiwe kwenye chupa za soda au za maji. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa, mkimbize kituo cha afya. Betri ndogo za mviringo za rimoti na saa zikimezwa huunguza koo ndani ya saa mbili, hiyo ni dharura hata kama mtoto haonyeshi dalili. Mbuzi ya kukunia nazi, mifuko ya plastiki na kamba ndefu viwe mbali.

Mtoto aliyezidi mwaka mmoja akikabwa, akashindwa kulia wala kukohoa, mwinamishe mbele na umpige mara tano kwa kiganja mgongoni, katikati ya mabega. Kisicho­toka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu na uvute kwa ndani kuelekea juu mara tano. Rudia huku mtu mwingine akitafuta usafiri.

Mchezo unaonyesha afya yake

Faida nyingine ya kucheza na mwanao ni kwamba utaona mapema kama kuna jambo. Nenda kliniki ukiona kwamba hageuki kwa sauti au kwa jina lake, hajatembea alipofikisha miezi 18, haunganishi maneno mawili kama "mama njoo" akiwa na miaka miwili, hajali watu wala hakutazami mnapocheza, au ameacha kufanya mambo aliyokuwa akiyaweza. Usingoje mpaka "atakua tu." Wakati mwingine ni masikio yanayotoa usaha ambayo yanatibika. Wakati mwingine ni jambo linalohitaji msaada wa muda mrefu, na msaada ukianza mapema huleta nafuu zaidi.

Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Usiikose. Siku hiyo, pamoja na kupima uzito, mwambie muuguzi mwanao anacheza nini na anasema nini. Una haki ya kuuliza, na hilo nalo ni sehemu ya kliniki.

Leo jioni, sufuria zikianza kugongwa, angalia kwanza: jiko liko mbali naye? Kisu kiko juu? Ndoo imefunikwa? Kama ndiyo, chukua mwiko wa pili ugonge naye. Kisha nyamaza kidogo, umsikilize atakavyokujibu.