Simu Haipatikani Hanang: Usimdhanie Vibaya Ndugu Yako



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina kijana anayefanya kazi bara. Akiwa Mbulu au Hanang, mkoani Manyara, kuna siku hupigiwa mara kumi asipatikane. Nyumbani wengine husema ametusahau. Wengine, wakikumbuka maporomoko ya tope ya Katesh ya Disemba 2023, hujaa hofu. Kabla ya kuhukumu, tufahamu simu inavyosafiri.

Sauti ya simu hubebwa na mawimbi ya sumakuumeme, ambayo ni jamii moja na mwanga wa jua. Hayahitaji hewa wala waya, na angani hwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Yanatofautiana kwa urefu wa wimbi: la redio ya FM ni kama mita 3, la simu mara nyingi ni makumi ya sentimita, na la mwanga halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo linavyoshindwa kuzunguka kizuizi. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400. Aliye nyuma yake, au ndani ya bonde huko Mbulu, huwa kivulini mwa mnara, kama mti unavyokukinga na jua.

Basi mtumie ujumbe wa maandishi. Utasubiri, na akipanda mahali penye mtandao utamfikia. Kuunga udugu ni wajibu, na dhana mbaya huukata.

Wallahu a'lam.