Nodi ya Bitcoin haileti mapato, lakini mfanyabiashara anaihitaji

Tarehe 11 Novemba 2020, Infura, kampuni ambayo seva zake huziunganisha pochi nyingi za kidijitali na mtandao wa Ethereum, ilipata hitilafu. Ilikuwa bado inatumia toleo la zamani la programu ya Geth, na leja yake ikachepuka na kuacha ile ya wengine. Kwa saa kadhaa pochi zilionyesha taarifa zilizopitwa na wakati, na baadhi ya masoko ya sarafu, Binance likiwamo, yalisitisha kwa muda utoaji wa ether. Mtandao wenyewe haukuzima. Waliokwama ni wale waliomwachia mtu mmoja awasomee leja.

Anayepokea malipo kwa sarafu za kidijitali ana njia ya kuepuka utegemezi huo: kuendesha nodi yake. Kwa Bitcoin, nodi kamili ni kompyuta inayokagua yenyewe kila muamala tangu bloku ya kwanza ya tarehe 3 Januari 2009. Mchimbaji, yaani mwenye mitambo inayounda bloku mpya za miamala, akijipa zaidi ya ujira wa bitcoin 3.125 kwa bloku, kiwango kilichoanza Aprili 2024, pamoja na ada za miamala, nodi inaikataa bloku yake hata awe na mitambo mingi kiasi gani. Mwaka 2017 kampuni kubwa na wachimbaji wenye nguvu walikubaliana kuongeza ukubwa wa bloku. Watumiaji wengi wenye nodi waligoma kufuata makubaliano hayo, na ilipofika Novemba mpango ukasitishwa.

Nodi hiyo, hata hivyo, haikulipi hata senti. Ujira na ada ni vya wachimbaji. Nalisisitiza hili kwa sababu wako wanaowauzia watu "nodi ya Bitcoin" kwa ahadi ya faida ya kila siku, na wanaoumia ni wenye akiba ndogo. Ukiahidiwa hivyo, shika pesa yako uondoke.

Vifaa si vingi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 5 yenye RAM ya GB 8 inatosha, au laptopu iliyotumika, pamoja na diski ya SSD ya TB 2, kwa kuwa leja imeshavuka GB 600 na inaongezeka kila siku. Mtambo unaotumia wati 10 mchana na usiku hula uniti 7 hivi za umeme kwa mwezi. Kinachoumiza hapa kwetu ni data. Hizo GB 600 na zaidi lazima zipakuliwe zote mwanzoni, na kwa bando la simu hilo ni balaa. Tafuta intaneti ya faiba isiyo na kikomo. Mwenye diski ndogo anaweza kuiambia programu ifute bloku za zamani ikishazikagua, lakini kupakua kuko palepale. Baada ya hapo huingia bloku kama 144 kwa siku, kwa kawaida chini ya MB 300 zote pamoja. Mzigo hurudi ukiruhusu nodi iwagawie wageni leja nzima, kwa hiyo weka kikomo cha data inayotoka.

Pakua Bitcoin Core, programu ya kuendeshea nodi, kwenye tovuti ya mradi wenyewe, na uhakiki saini za faili kabla ya kulifungua. Kisha subiri. Miaka ya 2009 hadi 2011 hupita mbio kwenye skrini kwa sababu bloku zake zilikuwa karibu tupu, halafu mwendo unakuwa wa kobe miamala inapoongezeka. Kuipa programu RAM zaidi kupitia mpangilio wa dbcache husaidia sana. Umeme ukikatika ghafla, kanzidata inaweza kuharibika na ukaguzi ukaanza upya, kazi ya siku kadhaa, kwa hiyo UPS inunuliwe pamoja na diski.

Ikishamaliza, iunganishe na pochi yako, mathalani Sparrow. Wengi huishia njiani hapa: nodi inawaka sebuleni huku pochi ikiendelea kuuliza seva ya kampuni fulani, ambayo inaona anwani na salio lako lote.

Asiyetaka kuendesha nodi yake atategemea kampuni. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali mwaka 2025, na kampuni zitakazotaka leseni zitakuja kutafuta wateja. Kabla ya kukabidhi fedha za duka lako, waulize kama wana nodi zao, na kama hawana, malipo yako yatathibitishwaje siku seva wanazozitegemea zitakapozima.